Si kila mwanga hulisha tumbawe: Jinsi ya kuchagua taa za tangi la bahari nyumbani

Na MWANDISHI WETU

KATIKA sehemu nyingi za Kayole, jijini Nairobi, maghorofa yamejengwa yakikaribiana kiasi kwamba jirani anaweza kumpokeza mwenzake chumvi kupitia dirishani. Vyumba vya orofa za chini havioni jua ila kwa dakika chache, na si ajabu kumpata mtu akichagua mchele saa sita mchana huku taa ikiwaka.

Mkazi wa chumba kama hicho akiamua kufuga samaki wa maji baridi, giza hilo halimsumbui sana. Samaki huishi kwa chakula anachotupiwa, na taa iliyo juu ya tangi ni ya kumfaa mtazamaji. Lakini akitamani kuwa na kipande kidogo cha mwamba wa Watamu au Wasini sebuleni, chenye matumbawe yaliyo hai, hesabu hubadilika. Taa huacha kuwa pambo na kuwa chakula.

Wengi hukosea papo hapo. Mnunuzi huingia dukani na kuuliza ni taa ipi inayong'aa zaidi, badala ya kuuliza tumbawe lake linahitaji mwanga wa rangi gani, kiasi gani na kwa saa ngapi. Tumbawe likikosea kulishwa halilii wala halihangaiki majini kama samaki. Hupauka polepole, na mwenyewe anapotambua, mara nyingi amechelewa.

Ili kuelewa ni kwa nini, ni lazima kwanza kufahamu tumbawe ni nini.

Tumbawe ni mnyama, ingawa halitembei wala halina macho. Kinachoonekana kama jiwe moja ni kundi la wanyama wadogo mno walioshikamana, kila mmoja akiwa na mdomo na minyiri, ambao kwa pamoja hujenga kiunzi cha chokaa. Ni viunzi vya vizazi vilivyokufa ambavyo mababu walivichonga na kujengea nyumba za Lamu, misikiti ya Gede na kuta za Fort Jesus mwishoni mwa karne ya 16.

Ndani ya ngozi ya wanyama hao huishi mwani wa chembe moja moja usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutumia mwanga kujitengenezea sukari, sawa na jani la muhindi shambani, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenyeji wake. Wanasayansi wamekadiria kuwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi hupata hadi asilimia 90 ya nishati yao kwa njia hii. Mwani nao hupata makao pamoja na taka za mnyama, ambazo kwake ni mbolea.

Hapa inafaa kutenganisha maneno mawili ambayo huchanganywa hata na sisi wanahabari. Marijani, ile nyekundu ya shanga na pete, hutoka hasa katika bahari ya Mediterania, kwenye mapango na vilindi vyenye giza. Haina mwani ndani yake na haina haja ya jua. Matumbawe yanayojenga miamba ya pwani yetu ni jambo jingine kabisa, na bila jua hayaishi.

Hata hivyo, Bahari ya Hindi nayo ina matumbawe yasiyojali mwanga. Jamii ya Tubastraea, yenye rangi ya machungwa iliyokolea, huishi kwenye vivuli vya majabali na kutegemea chakula inachokinasa majini kwa minyiri yake. Anayelinunua tumbawe hilo kwa sababu ya rangi yake, akaliwekea taa ya bei ghali bila kulilisha, hatimaye atakuwa na tumbawe lililokufa njaa chini ya mwanga mwingi. Swali la kwanza la mnunuzi wa taa, basi, huhusu mnyama aliyemo tangini.

Turejee baharini. Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi, kama upinde wa mvua unavyotuonyesha. Maji hayazimezi rangi hizo kwa kiwango kimoja. Nyekundu hutangulia kupotea, ikifuatwa na rangi ya machungwa na manjano. Mpiga mbizi anayejikata kidole akiwa mita 20 chini huona damu yake ikiwa na rangi ya kijani kizito, kwa sababu mwanga mwekundu umekwisha kumezwa kabla ya kumfikia. Samawati ndiyo inayofika mbali zaidi, na ndiyo maana bahari safi huonekana ya samawati.

Mwani unaoishi ndani ya matumbawe umeumbika kulingana na hali hiyo. Hupenda zaidi mwanga wa samawati na urujuani, wenye mawimbi ya urefu wa baina ya nanomita 400 na 500 hivi. Balbu ya kawaida ya sebuleni, ile yenye mwanga wa manjano unaoifanya nyumba kuonekana yenye joto, imejaa rangi nyekundu na manjano na ina samawati kidogo tu. Inamtosha binadamu kusoma gazeti. Kwa tumbawe ni kama kumpikia mtu sufuria ya maji yenye punje tatu za mchele.

Viwanda vya taa hueleza rangi ya mwanga kwa kipimo cha Kelvini. Balbu ya manjano ya nyumbani huwa na takriban Kelvini 2,700 hadi 3,000. Mwanga wa jua la mchana hukadiriwa kuwa baina ya 5,500 na 6,500. Taa za matangi ya matumbawe aghalabu huanzia 10,000 na kufika 20,000, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mwanga unavyoelekea samawati. Namba hiyo ni ya kukisia tu, kwani taa mbili zenye Kelvini sawa zinaweza kuwa na mchanganyiko tofauti wa rangi ndani yake. Angalau humwezesha mnunuzi kuiweka kando taa isiyofaa kabisa.

Kipimo kinachopotosha zaidi ni lumeni, ambacho huandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti. Lumeni hupima jinsi mwanga unavyoonekana na jicho la binadamu, nalo jicho letu huona vyema zaidi rangi ya kijani inayokaribia manjano. Mwanga wa samawati wenye nguvu nyingi hulionekania jicho kuwa hafifu. Matokeo yake ni kwamba taa inayolipendeza jicho huweza kuwa duni kwa tumbawe, na taa inayoonekana kufifia ikawa ndiyo yenye lishe.

Kipimo cha kutumainiwa huitwa PAR. Hiki huhesabu chembe za mwanga zinazoweza kutumiwa na mmea au mwani, kuanzia nanomita 400 hadi 700, zinazoangukia kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Hutajwa kwa mikromoli. Jua la utosini katika ukanda wa tropiki, pasipo mawingu, hutoa takriban mikromoli 2,000 juu ya maji.

Hakuna haja ya kuiga kiasi hicho chumbani, wala si busara. Matumbawe laini, kama yale ya jamii za Sarcophyton na Sinularia yanayopatikana pia katika pwani ya Kenya, huridhika na mikromoli baina ya 50 na 150. Matumbawe magumu yenye nyama nyingi na midomo mikubwa hukaa vyema katika kiwango kama hicho, au juu yake kidogo. Acropora, yale yenye matawi kama pembe za swara, ndiyo wenye kiu kubwa. Wafugaji wengi huyawekea baina ya 250 na 400.

Tofauti hizi zinatokana na mahali ambapo kila tumbawe limezoea kuishi. Wavuvi wa Watamu na Shimoni wanajua kuwa wakati wa bamvua, kina cha maji katika pwani yetu hubadilika kwa karibu mita nne baina ya maji kupwa na maji kujaa. Tumbawe lililofunikwa na mita moja ya maji asubuhi huweza kuwa chini ya mita tano alasiri. Yaliyo juu ya mwamba yamezoea jua kali na mabadiliko hayo ya kila siku. Yaliyo mteremkoni, au kwenye kivuli cha wenzao, yamezoea maisha ya mwanga haba. Kuyaweka yote mahali pamoja chini ya taa moja ni kuyaonea.

Kifaa cha kupima PAR ni ghali, na mfugaji wa tangi moja hana sababu ya kukinunua. Wafugaji wa kwingineko huchanga na kununua kimoja cha kuazimana, na hilo ni jambo linaloweza kuigwa. Programu za simu zinazodai kupima mwanga hazitoshi, kwa kuwa kamera ya simu imeundwa kuona kama sisi tunavyoona, na mbele ya taa ya samawati hutoa majibu ya kubahatisha.

Kabla ya kuzungumzia taa zenyewe, kuna mtu mmoja ambaye habari zake zinamhusu moja kwa moja mkazi wa orofa ya juu mwenye paa au roshani inayopigwa na jua. Lee Chin Eng, wa Jakarta nchini Indonesia, alichapisha mwaka 1961 maelezo ya jinsi alivyofuga viumbe vya baharini kwa kutumia mawe hai kutoka mwambani, viputo vya hewa na mwanga wa jua tu. Wakati huo wafugaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakihangaika kuviweka hai viumbe kama hivyo. Baadaye, Waikiki Aquarium ya Hawaii ilijijengea sifa kwa kukuza matumbawe kwenye matangi ya nje, chini ya jua lile lile.

Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, na mchana wake ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kwa upande wa jua, hatuna la kuwaonea wivu watu wa Jakarta. Shida ni mbili. Tangi dogo la kioo likipigwa na jua la moja kwa moja mwezi wa Februari hupata joto upesi kupita kiasi, na usiku wa Julai hupoa upesi vilevile. Pili, jua halina swichi. Mwani wa kijani usiotakikana hustawi na kufunika kila kitu. Jua la dirishani, kwa anayelipata, ni nyongeza nzuri, lakini halifai kuwa tegemeo.

Sasa taa. Kuanzia miaka ya 1980, wafugaji wa Ulaya walitegemea taa kubwa za mvuke wa metali, za aina inayotumiwa kumulika viwanja vya michezo. Zilikuwa na nguvu na zilitoa mawimbi ya mwanga yanayochezacheza mchangani kama baharini. Pia zilitoa joto jingi na kula umeme bila huruma. Zikaja taa nyembamba za mrija zijulikanazo kama T5, ambazo husambaza mwanga sawasawa pasipo vivuli vikali. Kasoro yake ni kwamba rangi ya mwanga wa mirija hiyo huharibika kabla haijaungua, na kwa hivyo hubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi 12, hata kama bado inawaka vizuri machoni. Anayeziacha kwa miaka mitatu kwa kuwa hazijaungua huyapunguzia matumbawe yake chakula bila kujua.

Kisha ikaja LED. Taa za LED nyekundu na kijani zilikuwapo kwa miaka mingi, lakini ile ya samawati iliwashinda wahandisi hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Uvumbuzi wao ulisifiwa kwa kuangazia nyumba za maskini na kupunguza matumizi ya umeme duniani. Rangi waliyoifanikisha ni ile ile ambayo tumbawe huila.

LED nzuri ya matumbawe huwa na chembe za samawati na urujuani kwa wingi, nyeupe kiasi, na nyekundu na kijani kidogo ili macho yetu yaone rangi halisi. Huruhusu kuongeza au kupunguza kila rangi peke yake. Huelekeza mwanga chini badala ya kuutapanya darini. Kasoro yake ni kwamba hutoa mwanga mkali katika sehemu moja na kuacha kivuli pembeni, hivyo tangi refu huhitaji taa mbili ndogo kuliko moja kubwa.

Tahadhari ni kwamba LED nyingi za bei nafuu zilizojaa madukani na mitandaoni hutaja wati ambazo hazizitumii. Pakiti husema wati 165, na ukiipima kwenye soketi unapata chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Wati zinazofaa kuulizwa ni zile zinazoingia ukutani. Kifaa cha kupima matumizi ya umeme, kinachochomekwa baina ya soketi na plagi, kitafichua uongo huo kwa dakika moja. Fundi yeyote wa umeme mtaani anaweza pia kupima.

Hili la wati si dogo kwa anayenunua tokeni. Hebu tuhesabu. Taa moja ya zamani ya mvuke wa metali ya wati 250, ikiwashwa saa 10 kwa siku, hula yuniti 2.5 kila siku, yaani yuniti 75 kwa mwezi wa siku 30. Mirija minne ya T5 ya wati 54 kila mmoja hula karibu yuniti 65. LED inayotumia wati 90 hula yuniti 27, na inaweza kulimulika tangi lile lile.

Sasa zingatia kwamba tangu Aprili 2023, kundi la wateja wa nyumbani wanaotozwa bei ya chini zaidi ya umeme hapa nchini lilipunguzwa kutoka wale wasiozidi yuniti 100 kwa mwezi hadi wasiozidi 30. Nyumba ya chumba kimoja au viwili Kayole, yenye taa chache, runinga na simu za kuchaji, inaweza kukaa ndani ya kiwango hicho. Ikiongezewa yuniti 65 za tangi, hutoka kundini, na bei ya juu hugusa hata taa ya jikoni. Kwa maneno mengine, taa ya matumbawe huweza kuipandisha gharama ya nyumba nzima, na kuzua maswali kutoka kwa mwenzi wa ndoa ambayo hayana uhusiano wowote na bahari.

Njia rahisi ya kujua gharama halisi ni kuchukua ujumbe wa mwisho wa tokeni na kugawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Usitumie bei ya msingi inayotajwa kwenye habari, kwa sababu haijajumuisha ushuru na gharama ya mafuta. Zidisha jibu hilo kwa yuniti za taa unayofikiria kununua, kisha uzidishe kwa miezi 36. Mara nyingi taa ghali isiyokula umeme huwa nafuu kuliko ile rahisi.

Aliyekwisha kununua taa nzuri hukabiliwa na hatari ya pili, nayo ni pupa. Wazo kwamba mwanga mwingi hukuza tumbawe haraka ni la kweli hadi kiwango fulani tu. Kikipitwa, mwani uliomo ndani hulemewa na kuzalisha aina ya oksijeni yenye sumu, na tumbawe hujitetea kwa kuutema. Linabaki jeupe, kiunzi kikionekana kupitia ngozi isiyo na rangi. Huko ndiko kupauka. Tumbawe lililopauka bado liko hai, lakini limefukuza mpishi wake, na lisipompata mwingine katika majuma kadhaa hufa.

Wakenya waliliona jambo hili kwa kiwango cha kutisha mwaka 1998. Joto la bahari lililoandamana na El Niño lilipausha miamba kote magharibi mwa Bahari ya Hindi, na katika sehemu nyingi za pwani yetu matumbawe mengi yalikufa. Upaukaji mwingine mkubwa ulishuhudiwa mwaka 2016. Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kuwa dunia ilikuwa katika upaukaji wa nne wa kimataifa. Ongezeko la takriban nyuzi moja tu ya Selsiasi juu ya joto la kawaida la msimu wa kiangazi, likidumu kwa majuma, hutosha kuanzisha balaa hilo.

Mfugaji wa nyumbani anapaswa kulizingatia hili, kwani joto na mwanga husaidiana kuua. Mwani uliochoshwa na joto hauwezi tena kustahimili mwanga ambao jana uliuhimili bila taabu. Ndiyo maana baharini, matumbawe yaliyo kivulini aghalabu hupauka kidogo kuliko yaliyo wazi. Maji ya tangi yanapozidi nyuzi 28 au 29, hatua ya kwanza, hata kabla ya kutafuta feni, ni kupunguza mwanga.

Tumbawe jipya vilevile huletwa kwenye mwanga polepole. Huwekwa chini kabisa mwa tangi, taa ikiwa imepunguzwa hadi nusu ya nguvu yake au pungufu, na kuongezwa kidogo kidogo kwa majuma matatu au manne. Rangi ndiyo itakayosema. Likigeuka kahawia, huenda mwanga ni mdogo na mwani umejaa ili kukitafuta kilichopo. Likianza kuwa jeupe sehemu zinazoelekea taa, mwanga umezidi. Tumbawe laini linalojirefusha kuelekea juu kama mtu anayechungulia ukuta linatafuta mwanga. Lililojikunja siku nzima linaukimbia. Asiwe na haraka ya kulihamisha kila siku, kwani kila uhamisho ni mwanzo mpya.

Saa nane hadi 10 za mwanga kwa siku zinatosha, na ni afadhali kuachia kifaa cha kuwasha na kuzima kwa saa kifanye kazi hiyo, kwa vile binadamu husahau. Usiku uwe usiku. Mwani na mnyama wote huhitaji giza.

Na umeme ukipotea? Hapa wengi huhofia kisichostahili hofu. Tumbawe lenye afya huvumilia siku moja au mbili bila taa, kama linavyovumilia siku za mawingu na maji machafu ya mvua baharini. Kinachoua upesi ni kusimama kwa pampu, kwa sababu maji yasiyotembea hupungukiwa na oksijeni katika muda wa saa chache. Anayepanga bajeti ya betri aielekeze kwenye pampu ndogo ya hewa. Taa isubiri.

Jambo la usalama halina mzaha. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mfereji, na matone yake huruka hadi kwenye taa na soketi na kuacha ukungu wa chumvi unaokula nyaya. Waya wa taa uninginie chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linaloteleza lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Soketi zisikae chini ya tangi. Ukungu huo huo wa chumvi, ukitanda kwenye kifuniko cha kioo, hupunguza mwanga unaofika majini, na kitambaa chenye maji baridi kila juma huurejesha bila gharama ya senti.

Kuna suala la sheria, ambalo halifai kurukwa. Ndani ya mbuga za baharini za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, ni marufuku kuchukua tumbawe, liwe hai au limekufa. Matumbawe magumu yameorodheshwa pia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuyavusha mpaka huhitaji kibali, ambacho hapa nchini husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mtu anayekuletea kipande kutoka pwani ndani ya ndoo, kwa basi la usiku, amekutwika kosa ambalo huenda hulijui. Kule Wasini na Shimoni, wenyeji wamekuwa wakipandikiza vipande kimoja kimoja kwenye vitalu vya chini ya maji ili kuirejesha miamba iliyokufa, na kila kimoja kinachoibwa huwarudisha nyuma. Muuzaji halali huwa na karatasi za kuonyesha mahali tumbawe lilipokuzwa.

Unapolikagua tumbawe kwa muuzaji huyo, omba taa ya samawati izimwe na nyeupe iwashwe. Matumbawe mengi yana protini zinazong'aa kijani au waridi chini ya samawati, na tumbawe lililoanza kupauka huweza kung'aa kuliko lenye afya. Nyeupe itaonyesha ukweli.

Kwa mkazi wa Kayole anayeanza, mwandishi angependekeza tangi la lita 60, lisilozidi kina cha sentimita 40, matumbawe laini matatu au manne, na LED moja inayotumia wati 35 ukutani, iliyoinuliwa sentimita 20 juu ya maji. Ikiwashwa saa tisa kwa siku, hiyo ni takriban yuniti tisa na nusu kwa mwezi. Nairobi ikiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji hayo yatahitaji hita ili yabaki kwenye nyuzi 25 hivi wakati wa baridi. Hita ya wati 50 ikifanya kazi saa 10 kila usiku wa Julai itakula yuniti 15, zaidi ya zile za taa.